Maziwa ya Siku ya Pili

Mjukuu wangu tunamwita Kiguu, kwa sababu tangu siku aliyojua kutembea hajawahi kukaa mahali pamoja. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, mama yake alikuwa akimfunga kanga kiunoni na kumfungia kwenye mguu wa meza kama mbuzi, ili yeye apate kupika. Kwa hiyo alipojiunga na chuo cha askari wa misitu, aliyeshangaa ni huyo mama yake peke yake. Binti yangu ni muuguzi wa zahanati, anapenda vitu vyeupe vilivyopigwa pasi, na alitaka mtoto avae kama yeye. Lawama zote zikanishukia mimi.

"Ni hadithi zako, mama. Umemjaza miti kichwani."

Sikubisha. Nilimjaza, tena nikashindilia.

Binti yangu akiwa zamu, mimi ndiye niliyemlaza mtoto, na mtoto yule halali bila kisa. Nikamwambia kwamba nilipokuwa na miaka kumi nilipotea msituni siku tisa, nikaishi kwa akili zangu na kisu kimoja. Ukweli wenyewe ni kwamba nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha mbao, nikapotea mchana mmoja katikati ya marundo ya magogo, na mlinzi akanirudisha nyumbani kabla maharage hayajaiva. Lakini utamlaza mtoto kwa mchana mmoja? Nilianza na siku mbili. Akauliza, "Halafu?" Zikawa nne. "Halafu?" Alipofika miaka mitano zilikuwa tisa, na nisingejizuia zingefika mwezi.

Kila siku katika zile tisa ilikuwa na jambo lake. Siku ya kwanza nilijenga kibanda. Siku ya tatu nilimkazia nyoka macho mpaka akaona haya akaondoka. Siku ya pili ndiyo iliyokuja kunitoa jasho. Nilipoitunga, Kiguu alikuwa amegoma kunywa maziwa yake, ameshika kikombe, uso ameukunja.

"Sasa wewe bibi ulikunywa nini?"

Nikakitazama kile kikombe. "Maziwa ya mti," nikasema. "Kuna mti hauna majani, una mikono tu imeelekea juu. Jua lilipopinda nikauchanja, yakatoka maziwa meupe pe. Nikachanganya na maji, nusu kwa nusu, nikanywa taratibu. Ndiyo yaliyoniokoa."

Hiyo nusu kwa nusu ilitokana na kwamba maziwa ya siku ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaongeza maji. Mtoto akayanywa yote, akalamba na kikombe. Nikajiona fundi.

Miaka kumi na tano baadaye, mwezi uliopita, alikuja nyumbani wiki moja kujiandaa na mtihani wa mwisho. Mtihani wao si wa karatasi. Wanaingizwa msituni, kila mmoja na eneo lake peke yake, siku tatu. Ana kisu na sufuria ndogo. Kiberiti hana, chakula hana, simu hana. Anayetoka na miguu yake asubuhi ya siku ya nne ni askari. Anayeshindwa anakusanya nguo zake anarudi kwao, na chuo hakimpokei tena.

Alikuja na vijiti viwili. Ulindi, ule mwembamba wa kupekecha, na ulimbombo, ule unaolala chini wenye tundu. Tukakaa kibaraza cha nyuma, kati ya ndoo na kamba ya nguo.

"Haya bibi, nionyeshe ulivyokuwa ukiwasha wewe."

Mimi maisha yangu yote nimewasha kwa kiberiti, na kikilowa naazima kwa jirani. Nikavishika vile vijiti, nikavigeuza, nikavinusa kama ninayenunua samaki. "Mikono yangu imeshapekecha ya kutosha, mke mwenzangu. Leo nataka nikuone wewe."

Akapiga magoti, akapekecha mpaka viganja vikatoka malengelenge. Moshi ukaja, ukakata, ukaja tena, kisha kakaa kadogo kekundu kakaangukia kwenye nyasi kavu. Akakapulizia kama anayembembeleza mtoto mchanga. Moto ukawaka, shuka za jirani zikanuka moshi, na mimi nikapiga makofi. "Hapo sasa! Ndivyo nilivyokuwa nikikwambia!"

Baadaye akafungua daftari. Alikuwa ameziandika siku zangu zote tisa kwa mwandiko mzuri, kila siku na ukurasa wake. Akafika kwenye siku ya pili, akaweka kidole juu ya ukurasa.

"Bibi, hii ya maziwa nilisimama nikaisema darasani. Mkufunzi akasema huo utomvu ni sumu. Nikamwambia bibi yangu alikunywa na yuko hai. Darasa zima likacheka. Sasa hivi chuo kizima wananiita Maziwa." Akanitazama usoni. "Ni kweli, sivyo?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na mimi ndiye niliyeufunga. Ukishakaa juu ya uongo miaka kumi na tano, kushuka kunataka ngazi, na ngazi sikuwa nayo. Nikacheka. "Kwani hapa mbele yako amesimama nani? Mzimu?"

Akacheka na yeye, akapiga mstari chini ya maneno nusu kwa nusu. "Nitawaonyesha," akasema.

Sikulitilia maanani. Nilidhani msitu ni mkubwa na miti ni mingi, atauona wapi huo mti wangu wa kutunga.

Waliingia msituni siku ya Jumanne. Jumatano mchana nimekaa jikoni nachambua mchele, binti yangu akarudi kula. Akaosha mikono mara mbili, akaketi, akaanza kunisimulia kazi yake kama kawaida.

"Leo tumeletewa mkata ua. Anapunguza ule ua wa minyaa pale shuleni, ule wa vijiti vitupu visivyo na majani. Utomvu ukamrukia jichoni. Jicho limefumba kama ngumi. Halafu akajifuta mdomo kwa mkono uleule. Mama, ungeuona ule mdomo!"

Vidole vyangu vikasimama juu ya ungo. "Utomvu wa rangi gani?"

"Mweupe. Kama maziwa."

"Na mtu akiumeza?"

"Nani aumeze, mama? Huo unaunguza. Koo linavimba, hewa inakosa pa kupita." Akajipakulia. "Na miti ya jamii hiyo iko mingi. Ile ya msituni, minene yenye mikono, ndiyo mikali zaidi. Mbona huli?"

Nikasema nimeshiba. Nikasema nina nguo kwa fundi cherehani. Nikasema nitachelewa kidogo. Uongo mara tatu kwa pumzi moja, na bado nilikuwa na akiba. Kumwambia nilishindwa. Mtoto wake mmoja, na mimi ndiye niliyemkabidhi kikombe.

Ukutani saa ilisema saba na nusu. Jua likipinda, nilikuwa nimemwambia. Jua hupinda saa ngapi, wewe mzee? Saa tisa? Saa kumi? Mtu anayetunga angeweka na saa, basi.

Nikapanda pikipiki kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Dereva akasema, "Shika vizuri, bibi." Nikamshika kwa namna ambayo mume wangu, Mungu amrehemu, angedai maelezo. Njia nzima nikawa namwambia aongeze mwendo huku nimefumba macho. Kila nilipoyafumbua niliona ua wa minyaa. Sikuwahi kujua kama mji wetu una minyaa mingi namna ile.

Ofisi ya chuo ni chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma na ubao wenye majina kumi na mawili yaliyoandikwa kwa chaki. Mkufunzi alikuwa peke yake, mtu mrefu wa viatu vikubwa, ananoa panga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kumtoa mjukuu wangu msituni."

"Hatoki mtu, mama. Mpaka kesho kutwa asubuhi. Mjukuu wako ni nani?"

Nikamtajia jina. Akatabasamu. "Aa! Maziwa!" Halafu tabasamu likabadilika, akasimama, akaweka panga chini, akanivutia kiti chake mwenyewe. "Kwa hiyo wewe ndiye yule bibi? Wa siku tisa? Mama, nimetamani sana kukutana nawe. Miaka ishirini na miwili nafundisha kwamba utomvu ule ni sumu. Lakini mtoto yule alivyosimama kukutetea, nikaanza kujiuliza. Wazee wana mambo yao. Nimeandika hapa pembeni." Akafungua daftari akanionyesha. "Labda ipo namna ya kuchanganya."

"Futa," nikasema.

"Nini?"

"Hapo pembeni. Futa. Hakuna namna. Nilitaka anywe maziwa yake ya ng'ombe alale."

Yule mtu akakaa juu ya meza. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikatazama viatu vyake.

"Anaamini?"

"Ameandika. Siku ya pili, jua likipinda. Ameniapia atawaonyesha."

"Siku ya pili ni leo."

"Ndiyo maana nimekuja na pikipiki."

Akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. "Sikiliza, mama. Nikiingia eneo lake nikamtia machoni, amefeli. Kanuni sikuitunga mimi, na kuivunja siwezi. Umefikiri?"

"Nimefikiri tangu nyumbani. Afeli akiwa na koo lake."

Akachukua panga, tukaingia.

Huko nyuma nilikuwa nimemwelezea Kiguu msitu kwa miaka mingi, na sasa nilijikuta sijui hata kuweka mguu. Mizizi ilinidaka kandambili. Miiba ilinivuta kanga kama wadai. Mkufunzi alikuwa anapita kama maji, mimi nyuma yake nahema kama mvukuto. Tulikuwa tumekwenda kama nusu saa nilipouona wa kwanza. Mti mnene, hauna jani, mikono imeelekea juu, vilevile nilivyousema. Nilikuwa nimeutunga, nao ulikuwepo siku zote unanisubiri. Pembeni yake wa pili. Wa tatu ulikuwa na chale mbichi ubavuni, na chini yake majani yamedondokewa na utomvu mweupe.

"Ni yeye," Mkufunzi akanong'ona. "Eneo lake linaanza hapa."

"Mwite!"

"Hataitika. Tumewafundisha wasiitike. Wezi wa magogo wana mchezo wa kuita askari kwa jina, wakishajua alipo wanampitia upande mwingine. Kwa hiyo siku ya pili mchana sisi wenyewe huzunguka tunawaita kwa hila. Njoo, mama yako anaumwa. Njoo, mtihani umeahirishwa. Anayeitika amefeli." Akajikuna shingo. "Mwaka jana tulimleta shangazi wa mtu, analia kabisa."

"Kwa hiyo nikiita mimi atadhani..."

"Atadhani nimekuleta."

Niliita hivyohivyo. "Kiguu! Kiguu wee! Ni bibi! Usinywe!" Ndege wakaruka. "Usinywe, mke mwenzangu! Ni sumu!" Kimya. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ilivyo, sauti ya mtu wa hila. Ningekuwa yeye nisingeamini. Sauti hiyohiyo ndiyo iliyomwambia anywe.

Basi nikajua kitu kimoja tu ambacho Mkufunzi hawezi kumfundisha mtu kukisema. Nikakusanya kanga, nikapanda juu ya gogo.

"Kiguu, nilikudanganya! Sikupotea siku tisa! Nilipotea mchana mmoja, nyuma ya kiwanda cha mbao! Nyoka sikumwona! Kibanda sikujenga, nilikaa chini nikalia nikajikojolea! Maziwa nilitunga kwa sababu ulikuwa hutaki kunywa yako, kile kikombe cha bluu chenye pengo, nilikuwa nimeyaongeza maji! Moto sijui kuwasha! Hata ile juzi nilikuwa nakutazama nijifunze!"

Nilisahau kwamba maeneo yao yanapakana. Upande wa kushoto, ndani ya kichaka, mtu alipaliwa na kicheko. Mkufunzi akageuza kichwa. "Huyo nitamjua baadaye," akasema. Upande wa Kiguu hakukuwa na chochote. Hata jani.

Saa ilikuwa tisa na nusu. Jua lilikuwa limepinda, hata mimi nililiona.

"Twende," akasema Mkufunzi, na hakunong'ona tena.

Kambi yake tuliikuta chini ya mwamba. Kibanda cha matawi kimesukwa vizuri, kitanda cha majani kimetandikwa kwa mikunjo ya mama yake. Yeye hakuwepo. Sufuria ilikuwa imelala ubavu, na mbele yake ardhi yote nyeupe. Nikamtafuta kwa macho kila mahali pa kuangukia, nyuma ya mwamba, kwenye nyasi, chini ya matawi. Nikainua mguu niingie palepale penye weupe.

Mkufunzi aliniwekea mkono begani. "Usikanyage hapo, mama. Ngoja nisome."

Akachuchumaa. Akagusa ile ardhi nyeupe kwa kijiti. "Ardhi bado haijaunywa utomvu. Umemwagwa sasa hivi, tena kwa mkono. Tazama ulivyorushwa, mbali na moto." Akafukua majivu yaliyofunikwa udongo, akaweka kiganja juu. "Makaa bado yapo. Ameyafunika mtu anayetaka kuyakuta tena." Kisha akasogea kama hatua tatu, akaniita kwa kidole. Mimi nilichoona ni udongo tu. Yeye akanionyesha alama ya vidole vya mguu, imezama mbele, kisigino hakipo. Nyingine. Nyingine, zinaelekea kwenye miti, zimepangana kama mshono. "Ameondoka kwa ncha za vidole, hajakimbia, hajayumba. Mgonjwa haendi hivi."

"Kwa hiyo amenisikia."

"Amekusikia, akamwaga, akafunika moto, akajificha. Yuko karibu. Pengine anatuona."

"Lakini kabla ya kumwaga? Kama alishakunywa kidogo?"

Hapo akazitazama tena zile nyayo, kwa sababu ardhi haisemi kila kitu. "Mama, nikizifuata hizi nyayo nitamkuta. Dakika kumi. Nitamtia machoni, na mtihani wake umeisha. Au tugeuke. Mimi mpaka sasa sijamwona. Wewe umemwona?"

Kule ofisini nilikuwa nimetoa jibu bila kupepesa, afeli akiwa na koo. Lakini sasa alikuwa ameshajibu mwenyewe. Amenisikia nikilia kwa jina lake, na hakuitika. Ama ni askari kweli, ama hataki kuuona uso wangu, na yote mawili nilistahili kuyaheshimu. Nilisimama pale, macho kwenye zile nyayo, nikisikiliza kama kuna mtu anakohoa. Nilisikiliza mpaka masikio yakaanza kunitungia.

"Sijamwona," nikasema.

Tukageuka. Kila hatua ya kurudi ilikuwa kama ninamwacha kisimani.

Jioni ile nilimwambia mama yake. Aliyonijibu siyaandiki. Alhamisi yote hatukusemeshana. Yeye aliosha vyombo vilivyokuwa safi, mimi nikachambua mchele uleule mara tatu. Kila simu ilipolia tulikimbia wote wawili, tukagongana mlangoni.

Ijumaa asubuhi tulisimama kwenye geti la chuo pamoja na wazazi wengine. Nilikuwa nimebeba chupa ya maji, maana sikujua kitu kingine cha kubeba. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wachafu, midomo mikavu, kila mmoja akinipita ananitazama kisha anauma mdomo asicheke. Mmoja aliniamkia kwa adabu sana, "Shikamoo, bibi wa mchana mmoja." Nikahesabu. Wanane. Tisa. Kumi. Mama yake alinishika mkono bila kujua, akaubana mpaka pete ikaniuma.

Wa kumi na moja alikuwa yeye. Anatembea kwa miguu yake. Mkufunzi akaweka alama kwenye karatasi yake, akampa mkono. Mama yake akamkimbilia, akamfungua kinywa palepale mbele za watu kama anayenunua ng'ombe. Ncha ya ulimi ilikuwa nyekundu, imetoka lengelenge.

"Nilikuwa nimechovya kidole," Kiguu akasema, maneno yanatoka mazito. "Nimelamba tu. Sufuria nilikuwa nimeishika, ndiyo nikamsikia."

Nilibaki nimesimama mbali kidogo. Akaja. Amekonda, macho yameingia ndani, na yamekuwa makubwa.

"Mchana mmoja?" akaniuliza.

"Mchana mmoja. Tena haukuisha."

"Na babu? Ile ya kuogelea mto umejaa kuja kukuposa?"

"Mto ulikuwepo. Alipita darajani."

"Na siku niliyozaliwa? Kwamba ulikuwa wa kwanza kunishika?"

"Hiyo kweli, mjukuu wangu. Muulize mama yako."

Hakumuuliza. Nilimpa ile chupa kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko, akanusa, akayainua maji kwenye mwanga akayatazama. Mdomo wake ulikuwa umepasuka kwa kiu. Kisha akanirudishia.

"Anza wewe, bibi."

Nikanywa. Akasimama ananitazama koo, wala hakuwa na haraka.